Fundi wa Vitasa

Mimi hubadilisha vitasa. Kazi yangu ni hiyo
katika mji huu wa Kohtla-Järve, ambako milima si milima
ila majivu ya mwamba tuliouchoma miaka na miaka,
na theluji ikianguka, huanguka na harufu ya kiberiti.

Zinaida Petrovna aliniita mara ya kwanza mwezi wa Novemba.
Ghorofa ya nne, lifti imekufa: nyaya zake za shaba
ziliuzwa kwa kilo, na kila mtu anajua zilinunua nini.
"Gennadi," akasema, "nataka kitasa asichokijua mwanangu."
Rodion alikuwa ameshaondoka na pasi, na cherehani,
na nishani ya baba yake ya uchimbaji,
na siku ile, mlango wa jiko.
Mlango wa jiko! Nani ananunua mlango wa jiko?
Akacheka. Nami nikacheka.
Tulicheka kama watu wanaokohoa.

Nikampa funguo tatu. Akauliza kwa nini tatu,
naye sasa anaishi peke yake.

Tunauita unga,
kana kwamba utaumuka,
kana kwamba kuna mkate utakaotoka.

Februari akaniita tena. Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
na kijana alikuwa amelala ngazini usiku kucha
juu ya kizulia cha jirani cha kufutia viatu.
"Kile kitasa cha zamani bado unacho?"
Ninacho. Mimi situpi kitu.
Nilikirudisha pale pale, kila skrubu tunduni mwake,
na sikumtoza hata senti.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa;
lakini fundi huona mikwaruzo.

Mara ya tatu hakuniita yeye. Aliniita Tõnis wa polisi,
saa kumi na moja alfajiri. Mlango wa bafu, komeo la ndani.
Kazi ya dakika moja na nusu, kwa kisu cha mezani.
Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka.
Nilifunga bomba.
Hilo ndilo ninaloweza kusimulia.

Nina daftari: milango arobaini na mmoja ya namna hiyo.
Silisomi. Nitakuambia ya walio hai:
duka la dawa linalouza kupitia tundu la ukubwa wa ngumi;
sanduku la sadaka lililofungwa mnyororo kama mbwa mkali;
na Alisa wa ghorofa ya pili, miaka saba,
ufunguo shingoni kwa uzi mwekundu, aliyeniuliza:
"Mjomba, wewe ukilala unapumua mara ngapi kwa dakika?
Mama ni kumi. Zikishuka chini ya nane napiga simu."

Na mimi? Usiniulize.

Haya, uliza. Chini ya tupa, ndani ya sanduku la zana,
kuna chupa iliyoviringishwa kitambaa ili isigonge chuma.
Mke wangu Lyudmila ana kabati lenye kitasa nilichokiunda mwenyewe,
bora kuliko vyote vya mji huu,
na nimekifungua mara sita bila kuacha alama.
Tofauti yangu na Rodion
ni kwamba yangu ina stempu ya kodi.

Jana Zinaida alikuja kibandani.
Alitaka ufunguo mmoja zaidi, wa kile kitasa cha zamani.
Sikumuuliza wa nani.
Mashine ililia, chenga za shaba zikaangukia buti zangu.
Mkono ulitetemeka; ilibidi nirudie jino la tatu.
"Euro mbili na nusu," nikasema,
maana kukataa pesa kungekuwa kumwambia.
Akahesabu sarafu moja moja,
akaupapasa ufunguo kwa kidole gumba,
akautia ndani ya glavu,
usishike baridi njiani.